Kulala kwa Wenyeji: Kumbukumbu za Matembezi ya Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae

Matembezi ya milimani ya siku kadhaa, ambayo msafiri hutembea mchana na kulala kila usiku chini ya paa badala ya kubeba hema mgongoni, yalianza kuwekewa utaratibu huko Ulaya katika karne ya 19, wakati vyama vya wapenda milima, kama kile cha Uswisi kilichoanzishwa mwaka 1863 na kile cha Norway kilichoanzishwa mwaka 1868, vilipojenga vibanda vya kulaza wageni katika sehemu za juu ambako hapakuwa na makazi ya kudumu. Nchini Tanzania mfano unaofahamika zaidi wa utaratibu huo ni njia ya Marangu katika Mlima Kilimanjaro, ambayo ina vibanda vya Mandara kwenye mwinuko wa mita 2,720, Horombo mita 3,720 na Kibo mita 4,720. Kwa kuwa utalii wa ndani umehimizwa kwa nguvu tangu kuzinduliwa kwa filamu ya Royal Tour mwaka 2022, na kwa kuwa vikundi vya vijana wa Dar es Salaam na Tanga hupanda Lushoto nyakati za sikukuu, husikika pendekezo kwamba Milima ya Usambara nayo ijengewe vibanda kama vya Marangu, ili mtu ambaye hajawahi kupanda mlima apate pa kuanzia.

Pendekezo hilo, ambalo mwandishi wa kumbukumbu hizi amelisikia likitolewa na watu wenye nia njema kabisa, ndilo lililomrudisha kwenye safari aliyoifanya kwa miguu pamoja na wenzake wachache wa mjini, wote wakiwa watu wa kushinda wamekaa ofisini, kutoka Lushoto kupitia Magamba, Lukozi, Malindi na Rangwi hadi Mtae. Kadiri anavyoikumbuka safari hiyo, ndivyo anavyozidi kuamini kwamba wepesi wa njia ya Usambara kwa asiye na uzoefu hautokani na jengo lolote, bali unatokana na jambo moja tu, nalo ni kwamba milima hiyo ina wenyewe, na kwamba kila hatua ya mgeni hupita katika kazi ya mtu fulani. Kibanda cha msituni kingemtenga mgeni huyo na watu ambao ndio hasa wanaoirahisisha safari yake.

Usambara ya Magharibi ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mfululizo wa milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa, ambayo misitu yake imetengana kwa muda mrefu kiasi kwamba ina mimea na wanyama wasioonekana kwingine duniani. Wasambaa huiita nchi yao Shambaai, na huitofautisha na nyika, yaani tambarare kavu na yenye joto iliyoizunguka pande zote. Tofauti hiyo haihusu urefu wa ardhi peke yake, bali inahusu pia mvua, vyakula, maradhi na namna ya kuishi. Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na sehemu za juu za njia inayoelezwa hapa hupita mita 2,000 kwa kiasi kidogo tu. Hilo ni jambo kubwa kwa anayeanza, kwa sababu maradhi ya mwinuko, yanayomfanya mtu aumwe kichwa, atapike na hata apoteze uhai kutokana na upungufu wa oksijeni, kwa kawaida huanza kujitokeza kuanzia mita 2,500 kwenda juu. Vibanda vya Marangu vinampa mgeni kitanda na paa, lakini haviwezi kumpunguzia mwinuko, na wapo waliodhani kuwa njia yenye vitanda ni njia nyepesi, wakarudishwa chini kwa machela.

Maandalizi ya safari yenyewe yalifanyika katika uwanja mdogo wa nyumba ya wageni mjini Lushoto, ambapo mwongozaji, kijana wa Kisambaa mwenye umri unaokaribiana na wa wageni wake, aliinyanyua mikoba yao mmoja baada ya mwingine kwa mkono mmoja, akatikisa kichwa, kisha akaomba ruhusa ya kuifungua. Alitoa makopo ya maharage, jiko dogo la gesi, chupa za maji zilizojazwa hadi shingoni na suruali nzito za jinzi ambazo zikilowa hazikauki. Mmoja wa wasafiri alipolalamika kwamba chakula hicho kilikuwa cha dharura, alijibiwa kwa upole, "Kaka, dharura gani? Huku tunapita madukani." Kilichobaki kilikuwa sweta, koti la mvua, soksi za kubadilisha, tochi na kanga moja kwa kila mtu, kwa sababu kanga hutumika kama taulo, shuka, kilemba na kitambaa cha kufungia goti. Vitabu vya matembezi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye milima isiyokaliwa humfundisha anayeanza kubeba kila kitu atakachohitaji. Usambara humfundisha kuuliza kwanza ni nini kinachopatikana mbele, na bila shaka somo hilo la pili ndilo linaloyapumzisha magoti.

Kutoka mjini njia hupanda kupitia mashamba hadi kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, ambayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ambako mgeni hulipa ada kabla ya kuingia. Ndani ya msitu hali hubadilika ghafla: ukungu hushuka hadi kwenye vigogo, mikulo mikubwa, ambayo ni miti ya kafuri iliyosakwa mno kwa mbao zake, husimama katikati ya migomba ya porini na miti yenye majani kama mafeni, na mbega weupe kwa weusi huruka juu kwa kelele ya matawi inayomshtua mtu asiyeizoea. Msitu huo unaonekana kama ambao haujaguswa, lakini sivyo ulivyo. Upande wa Shume, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kijerumani ilivuna miangati, ambayo ni miti inayofananishwa na mierezi, na kuziteremsha mbao zake kwa kamba za chuma zilizoning'inizwa juu ya genge hadi Mkumbara, ambako reli ya kutoka Tanga ilipita. Kwa hiyo hata sehemu iliyo pweke kuliko zote katika njia hii ilikwisha kuwa mahali pa kazi miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Karibu na mwisho wa msitu, pale ambapo wageni walikuwa wameongeza mwendo kwa kuogopa mvua, walikutana na bibi kizee aliyekuwa akipanda mlima taratibu, akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kwa kuwa sehemu kubwa ya mifugo ya huko hulishwa zizini. Walimwamkia, naye akasimama bila kuushusha mzigo. "Marahaba, wajukuu zangu. Mnakimbizwa na nani?" Swali hilo liliulizwa kwa dhati, wala halikuwa kejeli, maana kwa mtu aliyepanda mteremko ule maisha yake yote, kutembea kwa namna inayomfanya mtu ahemee mdomoni ni dalili ya shida. Mwongozaji alilitumia swali hilo siku zote zilizobaki kama kipimo: kundi likianza kushindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi, aliuliza ni nani anayewakimbiza, na mwendo ukapungua. Wataalamu wa mazoezi hutoa kanuni iyo hiyo kwa maneno marefu zaidi, kwamba anayeanza atembee kwa kasi inayomruhusu kusema sentensi nzima.

Baada ya Magamba mandhari hugeuka kuwa mashamba yasiyo na mwisho, na kufikia Lukozi msafiri huwa ameingia katika nchi ya mboga. Kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere na nyanya hulimwa katika mabonde na juu ya miteremko, na hupelekwa Tanga na Dar es Salaam kwa malori yanayopakiwa alasiri ili yafike sokoni alfajiri. Mwandishi alisimama kwa muda kando ya barabara akitazama vijana wakishindilia karoti zilizotoka kuoshwa mtoni katika magunia ya lumbesa, yaani magunia yaliyozidishiwa ujazo kwa kushonewa kilemba juu, ambayo hulipwa bei ya gunia moja ingawa ndani yake kuna zaidi. Serikali imeipiga marufuku lumbesa mara nyingi, na kila mkulima huijua marufuku hiyo. Dalali naye huijua, lakini lori lake ndilo lililopo barabarani. Kwa mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea kulalamikia bei ya karoti Kariakoo, mahali hapo panafundisha kuliko sehemu yoyote iliyowekewa kibao cha kutazamia mandhari.

Malindi, ambayo haipaswi kuchanganywa na mji wa pwani ya Kenya wenye jina hilo, iko katika ukanda huo huo wa mboga, na ndiko ambako kundi lililala baada ya siku ngumu kuliko zote. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, njia za udongo mwekundu zimekuwa za kuteleza, na goti la mmoja wa wasafiri lilikuwa limevimba kwa sababu ya mteremko, maana wanaoanza huogopa kupanda, ilhali kinachoumiza magoti ni kushuka. Katika mlima usio na watu hali hiyo ingekuwa tatizo la kweli. Huko Malindi lilikuwa jambo la kujadiliwa wakati wa kunywa chai: barabara ilikuwa karibu, bodaboda zilikuwepo, basi la kwenda Lushoto lingepita asubuhi, na mgonjwa angeweza kuchagua kurudi, kupumzika au kupanda gari na kuwasubiri wenzake mbele. Alichagua kupanda gari. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la aibu, na jioni iliyofuata alikuwa mezani pamoja na wenzake. Njia ambayo mtu anaweza kuiacha wakati wowote bila kuokolewa ndiyo inayomfaa anayeanza, na sifa hiyo haijengwi kwa mbao wala mabati.

Nyumba waliyolala ilikuwa ya mama mmoja mjane, mkulima wa viazi, aliyekuwa akipokea wageni katika vyumba viwili vilivyoachwa na wanawe waliohamia Tanga. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuvua viatu vya kila mtu vilivyolowa, akavikung'uta, akatoa soli za ndani, kisha akavijaza maganda makavu ya mahindi yaliyokuwa yamehifadhiwa darini kwa ajili ya kuwashia moto. Msafiri mmoja alijaribu kukisogeza kiatu chake kwenye mafiga, naye akakirudisha nyuma kwa mguu bila kusema neno, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, moto wa karibu huyeyusha gundi na soli hubanduka siku ya pili. Kiatu hukauka kwa kunyonywa maji, hakikauki kwa kuchomwa. Usiku aliamka mara moja kubadilisha maganda. Asubuhi viatu vilikuwa na unyevu kidogo tu, na vikavaliwa. Chakula kilikuwa makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja kwa muda mrefu, pamoja na chai ya tangawizi, na mablanketi yaliletwa mawili mawili, kwa kuwa katika miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya usiku huko huwashangaza watu wa pwani.

Kilichokuwa kigumu katika nyumba ile ni malipo. Mama yule alipoulizwa bei alitazama pembeni na kusema kwamba mgeni hatozwi, halafu mwongozaji akatoka naye uani na kurudi na kiasi ambacho kilikuwa kidogo mno, jambo lililowafanya wageni waongeze, naye akakataa, wakabishana hadi chai ikapoa. Mapokeo ya Wasambaa kuhusu Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na ambaye kizazi chake ndicho kilichokuwa ukoo wa kifalme wa Wakilindi, yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, na humo mgeni huyo huonekana akipita kwa watu akiwagawia nyama ya nguruwe mwitu, nao wakimpa vyakula vya shamba. Ukarimu wa Shambaai, kwa mujibu wa mapokeo hayo, tangu zamani ulikuwa wa kupeana, na kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenziwe hana. Anayedhani kwamba kumlipa mwenyeji ni kumvunjia heshima, na hivyo akaondoka na shukrani tupu, ameusoma ukarimu huo nusu. Vilevile anayedhani kwamba fedha yake imemaliza kila kitu amekosea upande wa pili, kwa sababu mama yule alikuwa ameamka usiku kwa ajili ya viatu, na hilo halikuwemo katika bei.

Historia ya wageni waliolazwa kwa idhini ya wenyeji katika milima hii ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, huko Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na wasafiri Waingereza Burton na Speke wakafuata mwaka 1857, na wote walikuta nchi yenye utaratibu, ambamo mgeni hakwenda alikotaka bali alikoruhusiwa.

Kutoka Malindi kwenda Rangwi njia hukata miteremko mikali iliyochongwa matuta, na hapo ndipo safari ilipogeuka kuwa somo la siasa. Msafiri mmoja wa kundi, akichoshwa na kona za njia, alishuka moja kwa moja katikati ya shamba ili akutane na wenzake chini, na mzee aliyekuwa akipalilia kabichi upande wa pili wa bonde akapaza sauti kwa nguvu hata kundi zima likasimama. Mzee huyo alishuka hadi njiani, akapokea shikamoo zao zote, kisha akawaonyesha kwa ncha ya jembe mahali ambapo ukingo wa tuta ulikuwa umebomolewa na unyayo mmoja. Alieleza kwamba mvua inayofuata ingeingia hapo, ingeteremka, ingechimba mfereji, na kabla ya masika kwisha mfereji huo ungekuwa korongo. "Wanangu, njia ina kona kwa sababu mlima una maji," alisema, kisha akaomba msafiri yule azibe mahali pale kwa mikono yake, na akasubiri hadi alipomaliza.

Uchungu wa mzee yule kuhusu matuta hauwezi kueleweka bila kukumbuka yaliyotokea katika ardhi hiyo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, ambao baadaye ulienezwa katika Usambara yote, na ambao uliwalazimisha wakulima kulima matuta ya kukinga maji katika sehemu ya mashamba yao, kwa kanuni na faini. Kazi hiyo ilikuwa nzito, ilichukua nguvu kazi ya familia, hasa ya wanawake, na wakulima hawakuona ikiwaongezea mavuno. Upinzani dhidi yake uliungana na harakati za TANU, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wasambaa, ameonyesha jinsi wakulima walivyoujadili mpango huo kwa dhana zao wenyewe za kuiponya nchi na kuiharibu nchi, dhana ambazo ziliunganisha mvua, rutuba na uhalali wa mtawala. Miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine wa hifadhi ya udongo, wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, ambao ulitumia mistari ya majani ya malisho na miti, nao ulipokelewa vizuri zaidi kwa kuwa majani yale ng'ombe aliyala.

Kwa hiyo tuta ambalo msafiri wa mjini aliliona kuwa kizuizi kati yake na wenzake lilikuwa limepigwa vita, limeachwa, na hatimaye limerudishwa na mkulima mwenyewe baada ya kuridhika kwamba linamlipa. Mwandishi haamini kwamba elimu hiyo ingepatikana kwa kupita njia iliyotengwa kwa ajili ya watembeaji peke yao. Njia ya namna hiyo ingekuwa na kibao kinachokataza kukata kona, kibao kingesomwa na kupuuzwa, kwa sababu hakuna mtu anayeona haya mbele ya kibao.

Rangwi ilikuwa pumziko. Masista wa Kikatoliki wana makazi yao huko, na wageni hupokewa kwa utaratibu usio na maelezo mengi: maji ya moto katika ndoo, chakula cha jioni kwa saa iliyotajwa, kimya baada ya hapo. Wamisionari, Walutheri waliofika Mlalo mwaka 1891 na Watrapisti waliokwenda Gare mwaka 1897 wakiwa miongoni mwao, ndio waliotapakaza katika milima hii nyumba za aina hiyo zenye vitanda vya ziada, bila kukusudia kuhudumia utalii wowote. Mtu akiichora ramani ya misheni, shule na masoko ya Usambara ya Magharibi, ataona kwamba vituo viko umbali ambao mtu mwenye mzigo anaweza kuumaliza kabla ya giza, na sababu yake ni rahisi, kwamba vilianzishwa na watu waliotembea kwa miguu.

Sehemu ya mwisho, kupitia Sunga hadi Mtae, hufuata mgongo wa mlima ambao pande zake mbili huanguka, na watoto wa shule hutembea juu yake kila siku wakiwa na madaftari katika mifuko ya plastiki. Hapo mwandishi aliona jambo lililomsumbua. Watoto wale wale waliowasalimia wageni Waafrika kwa shikamoo, mikono ikiwa kichwani kwa adabu, muda mfupi baadaye walimkimbilia mtembeaji wa Kizungu aliyekuwa akija nyuma na kumdai kalamu na peremende. Mwongozaji hakuwakemea watoto. Alisema kwamba kuomba ni tabia iliyopandwa na wageni waliogawa vitu njiani kwa huruma isiyo na mpangilio, na kwamba wazazi wa vijiji hivyo huona aibu kuiona. Vijana wa mjini wanaokwenda huko leo hawagawi kalamu, lakini wengi huwapiga watoto picha bila kuomba ruhusa na kuzitupa kwenye simu za watu wasiowajua, na huenda madhara yakawa yale yale.

Mtae imejengwa ukingoni kabisa mwa Shambaai, mahali ambapo ardhi hukatika na nyika ya Mkomazi huonekana chini ikienea hadi Kenya, na siku ya anga safi Kilimanjaro huonekana upande wa kaskazini-magharibi. Siku ile Kilimanjaro haikuonekana. Vumbi la kiangazi kilichokuwa kimeanza huko chini liliufunika upeo wote, na hewa ya joto iliyopanda kutoka bondeni iliwafanya wageni wavue masweta waliyoyavaa tangu Malindi. Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka kabla ya kupambazuka, hivyo hapakuwa na nafasi ya kusubiri asubuhi nyingine. Katika basi, safari iliyokuwa imechukua siku kadhaa ilirudiwa katika muda wa saa chache, huku magunia yakipakiwa na kushushwa kila kituo, na goti lililovimba la msafiri yule likiwa limebanwa na debe la mafuta ya kula.

Wanaopendekeza vibanda wana hoja moja ambayo haiwezi kupuuzwa, nayo ni ya usafi na usalama. Vyoo katika baadhi ya nyumba ni vibaya, maji huwa hayajachemshwa, mwanamke anayesafiri peke yake hana hakika ni mlango gani una komeo, na bei hubadilika kulingana na lugha ya mgeni. Hata hivyo, kila moja ya kasoro hizo inaweza kurekebishwa pale pale ilipo. Halmashauri ya kijiji inaweza kuzikagua nyumba zinazopokea wageni na kuziandikisha. Bei inaweza kubandikwa mlangoni ili mwenyeji asilazimike kutazama pembeni anapoulizwa. Ada ya mwongozaji inaweza kutamkwa wazi pamoja na sehemu inayobaki kijijini. Na anayeanza anaweza kushauriwa kuikwepa masika ya Machi hadi Mei, wakati miteremko haipitiki na wenyeji wana kazi nyingi shambani.

Mama wa Malindi, kwa mujibu wa mwongozaji ambaye bado hupeleka wageni kwake, alijenga choo kipya cha kumwagia maji kwa fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa kijiji, akaulipa mkopo huo kwa viazi vya msimu mmoja na malipo ya wageni, kisha jirani yake akaomba mkopo wa aina hiyo hiyo kwa ajili ya chumba. Kibanda kimoja cha msituni, pamoja na mlinzi wake, umeme wake wa jua na mtu wa kukisafisha, kingehitaji fedha za miaka mingi, ambazo zingetoka katika ada ya mgeni au katika mfuko wa hifadhi. Fedha hizo zikikopeshwa kwa vikundi vya namna hiyo vya Lukozi, Malindi na Sunga, zingejenga vyoo na vyumba ambavyo mwaka wote, wageni wakiwepo au wasiwepo, vingekuwa na mtu wa kuvitumia.